Acheni Wanasayansi Wapewe Pesa, Lakini Majibu Yarudi Kijijini

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tatu 2025, jioni, stima imerudi, tumekaa kwangu hapa Nyalenda, Kisumu, tunakula ugali na omena, mimi na binamu yangu na mtoto wake. Nilikuwa napitia habari kwa simu nikaona wale watu wa CERN, maabara kubwa ya fizikia huko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wametoa ripoti ya mtambo mpya wanaotaka kujenga. Handaki la duara, kilomita 91, chini kabisa ya ardhi, gharama kama faranga bilioni 15 za Uswisi, kazi yake ni kugonganisha vichembe vidogo kuliko atomu waone vimeundwa na nini. Nikamsomea kwa sauti kwa sababu mimi hivi vitu huwa vinanifurahisha. Binamu akaweka tonge chini akaniangalia.

"Hizo pesa zote ni za kutafuta kitu hakionekani? Na mimi godoro langu liliondoka na maji nikiliona."

Sikuwa na jibu la maana. Na tangu siku hiyo nimekaa na hilo swali, kwa sababu si swali la mtu hajasoma, ni swali la haki. Huyu ni mtu alilala kwa darasa la shule ya msingi huko Nyando mwaka wa 2024 wakati wa mafuriko, wamepanga madawati ukutani, familia tano chumba kimoja, mtoto akiwa hajafika mwaka. Mpaka leo hajarudi, amekodisha nyumba ya mabati hapa karibu nami. Kama kuna mtu ana ruhusa ya kuuliza pesa za dunia zinaenda wapi, ni yeye.

Siku hiyo nilimpa lile jibu ambalo sisi watu wa kupenda sayansi huwa tunakimbilia, ati wavuti yenyewe ilitoka hapo CERN, Tim Berners-Lee aliibuni 1989 ndio wanasayansi waweze kupeana kazi zao, na 1993 wakaiachia dunia bure. Akasema sawa, lakini mtandao haukuzuia maji. Na ako right kabisa. Ukimwambia mtu amepoteza nyumba kwamba asante ya utafiti ni yeye kupata mtandao, umemtukana. Halafu hilo jibu ni kama kusema tupande chochote tuone nini kitamea.

Kwa hivyo nikaamua nifuate maji yake mwenyewe. Yalitoka wapi?

Watu wa umri wangu hapa Kisumu hawahitaji kuambiwa El Niño ni nini, ile ya 1997 kuingia 1998 iko kichwani mwetu mpaka leo, barabara zilikatika, madaraja yakaenda. Ikarudi mwisho wa 2023, halafu mvua ndefu ya 2024 ikamalizia kazi, mto Nyando ukatoka kwa kingo zake na Ziwa Victoria lenyewe likapanda kupita hata rekodi ya 2020. Sasa El Niño huanzia kwa bahari ya Pasifiki, mbali kabisa na sisi, maji ya juu ya bahari yanapata joto na upepo unabadilika, na mvua ya dunia nzima inayumba. Ile ya 1982 na 1983 iliwashtukiza hata wataalamu, ilikuwa imeshaanza na wao bado wanabishana kama iko ama haiko. Baada ya hapo wakaanza kuweka maboya katikati ya Pasifiki, yamefungwa nanga sakafuni mwa bahari, yanapima joto na upepo na kutuma habari kwa setilaiti. Yalifika karibu 70 na kazi ikakamilika 1994. Ndio maana ile ya 1997 ilionekana ikija.

Ebu fikiria wakati hao watu wanaanza kutupa maboya kwa maji, hiyo ni katikati ya miaka ya themanini, Ethiopia watu wanakufa njaa, dunia nzima inaangalia wale watoto kwa TV. Mtu angesimama aseme, mnapima joto la maji huko ambako hata hakuna mtu anaishi, na hapa watoto wanakufa? Angepigiwa makofi. Mimi pia ningepiga. Na tungekuwa tumekosea, kwa sababu ukame na mafuriko ya Afrika mashariki huwezi kuyaelewa bila hayo maji ya mbali.

Nikarudi kwa binamu nikamwambia hivi: kabla ya mvua ya 2024, Idara ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kwamba mvua ya Machi mpaka Mei huenda ikazidi kawaida sehemu nyingi, huku bonde la ziwa pia. Alisikia? Akasema alisikia kwa redio, ya Dholuo. Alisikia kabisa. Lakini asikie halafu afanye nini? Mtu wa kukodisha lori ya kubeba kitanda na mahindi ni nani, na apeleke wapi? Basi hapo ndio nikaona shida yetu iko wapi. Utafiti ulifanya kazi yake kuanzia Pasifiki mpaka kwa redio iko juu ya kabati lake. Kilichokosekana ni lori moja na ukuta wa mto ambao tumeahidiwa tangu mimi nikiwa shule. Godoro halikuliwa na darubini ya mtu.

Na usifikirie hizo pesa zikikatwa huko zitaletwa Nyando. Mwaka wa 2025 tulijionea na macho. Januari, serikali mpya ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, shoka lililokata utafiti ndilo lilikata dawa, siku moja. Jirani yangu alikuwa kwa mradi mmoja wa utafiti, akaambiwa abaki nyumbani, na wiki hiyo hiyo watu wa kliniki nao wanaambiwa wabaki nyumbani. Hakuna shilingi iliyotoka kwa mwanasayansi ikaenda kwa maskini. Matumizi ya kijeshi ya dunia mwaka wa 2024 yalifika dola trilioni 2.7. Hilo handaki la CERN lote, kujengwa kwa miaka mingi, ni makombo ukiweka kando ya hiyo. Anayetafuta nani amekula pesa za maskini aanzie huko.

Lakini kitu kilinifanya niamini kabisa si hayo mahesabu. Ni shamba la dani, yaani nyanya yangu, huko Gem, Siaya.

Kama umekulia Siaya, Vihiga ama Busia unajua kayongo. Ni kamaua kazuri ka zambarau, mtoto anaweza kukachuma ampelekee mamake. Sisi tulikuwa tunachezea. Dani alikuwa anakaangalia tu ananyamaza, kwa sababu alikuwa anajua mahindi ya mwaka huo yameisha. Kayongo haishindani na mahindi juu, inayamaliza chini, mzizi wake unaingia kwa mzizi wa mahindi unanyonya, na wewe unaona mahindi yamedumaa yamekuwa ya manjano unafikiri ni jua. Ukikuja kuona maua, umechelewa. Na mmea mmoja unatoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, zinakaa kwa udongo miaka mingi zinangoja tu mahindi yapandwe. Wazee walisema shamba limerogwa. Wengine walihama.

Sasa huko Mbita, kando ya ziwa, icipe wako na kituo. Hii taasisi ilianzishwa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mtu wetu, nchi haina hata miaka kumi tangu uhuru na yeye anasema tunahitaji mahali pa kusoma wadudu. (Mwaka huo huo, tarehe 12 Desemba, kuna setilaiti ilirushwa kutoka kwa jukwaa baharini karibu na Malindi, ya kwanza duniani ya kuangalia miale ya eksirei kutoka angani, na ikapewa jina Uhuru kwa sababu ni siku yetu. Hiki kitu kingekuwa kwa kila kitabu cha shule.) Miaka ya tisini watafiti hapo Mbita, pamoja na wenzao wa Uingereza, walikuwa wanafuatilia wale funza wanaotoboa bua la mahindi. Walikuwa wanasoma harufu. Harufu! Ni mmea gani nondo anaupenda aende kutaga mayai hapo, na ni mmea gani anaukimbia. Wakapata kwamba ukipanda mmea unaitwa desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi unawafukuza, na nyasi ya nepia pembeni inawavuta. Ndio wakaita vuta-sukuma. Halafu wakaona kitu hawakuwa wanatafuta, mahali desmodiamu iko, kayongo inapotea. Kuchunguza, kumbe mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali zinazodanganya mbegu ya kayongo iote na hakuna mzizi wa kushika, halafu inakufa huko huko chini.

Hapo ndio mimi huambia watu, ungeandikaje hiyo bajeti? Dani hangesema niletewe mtu wa kunusa nondo. Alikuwa anataka mahindi. Na mtu wa kunusa nondo mwenyewe hakuwa anajua anaenda kuua kayongo. Dani alipanda ile desmodiamu mara ya kwanza akiwa na shaka, kipande kidogo nyuma ya choo ndio majirani wasimcheke. Msimu wa tatu akaniita nikuje nione. Akapiga magoti akafukua udongo na kidole akanionyesha mzizi wa mahindi, mweupe, safi, hauna kitu. Hakusema neno. Halafu ng'ombe naye anakula hiyo hiyo desmodiamu na nepia.

Sitaki kudanganya mtu lakini. Kuna mambo ya watafiti yananiuma. CERN nzima, mitambo yao ya sasa ikiwa kazini, inakula umeme kama saa terawati 1.3 kwa mwaka, hiyo ni karibu sehemu moja kwa kumi ya umeme wote unazalishwa Kenya, na wanafaa waulizwe kila siku uso kwa uso. Huku kwetu nako, nikiwa mdogo kuna mradi ulikuwa unakuja kijijini kututoboa vidole, mwaka baada ya mwaka, mama anaweka sahihi, tunapewa biskuti na sabuni, gari inaondoka. Hakuna siku hata moja mtu alirudi akaita baraza akasema, ile damu yenu ilituonyesha hivi. Mpaka watu wakaanza kusema ati inauzwa. Si ujinga huo, mtu akichukua kitu kwako halafu anyamaze utajaza mwenyewe. Mimi nilikuja kusoma nikiwa mkubwa kwamba majaribio makubwa ya vyandarua vya dawa yalifanywa Asembo na Gem miaka ya tisini, na hapo pia ilionekana wazi vinaokoa maisha ya watoto, na vikaenda Afrika nzima. Watoto wa Gem! Na Gem yenyewe ni wangapi wanajua? Hiyo ingekuwa heshima ya kijiji, ya kuimbwa kwa matanga.

Kitu kingine ni kwamba tunabishana na pesa za wengine. Sheria yetu wenyewe ya sayansi ya 2013 inasema asilimia mbili ya pato la taifa iende kwa utafiti. Hatujafika hapo hata mwaka mmoja. Ndio maana mtu akifunga mfereji huko mbali sisi huku tunakauka, na ndio maana maswali mengi yanachaguliwa na mwenye mfuko. Hapa kwa kituo cha utafiti cha Kibos wako na wataalamu wamefuga wale mbawakavu wanaokula gugu maji tangu miaka ya tisini, na gugu bado linafunga ufuo wa Dunga na mashua zinakwama, kwa sababu mdudu peke yake hawezi kama sisi tunaendelea kumwaga mbolea na maji taka ziwani. Hiyo ni kazi ya kulipia sisi. Usiniambie hakuna pesa, nimeona misafara ya magari.

Juzi binamu alinipa kitabu cha kliniki cha mtoto nimsaidie kusoma tarehe. Kile kitabu kilipita mafuriko. Alikuwa amekifunga kwa karatasi ya nailoni akakiweka kifuani, lakini maji yaliingia, kurasa zimevimba zimeshikana, wino wa bluu umesambaa kama wingu. Tukazibandua pole pole na kisu cha meza. Chanjo ya malaria, dozi ya kwanza miezi sita, ya pili saba, ya tatu tisa, zote ziko, mhuri unaonekana nusu. Ya nne ni ya miezi ishirini na nne. Nikamwambia hii chanjo ilianza kutengenezwa 1987, na kati ya 2009 na 2014 ikajaribiwa kwa zaidi ya watoto elfu kumi na tano Afrika, wengine wao hapa hapa Kombewa na Siaya, halafu 2019 ndio ikaanza kupeanwa kwa kliniki, huku magharibi tukaanzia Homa Bay. Miaka thelathini na mbili. Akahesabu. Akasema mwaka huo wa 1987 mamake alizika mtoto, homa, siku mbili tu, yule angekuwa kaka yake mkubwa.

Tulinyamaza kidogo. Halafu akauliza kama hao watu wa handaki pia watachukua miaka thelathini. Nikamwambia pengine zaidi, na hata mimi sijui watapata nini huko chini. Akasema basi waambiwe wakipata warudi waseme.

Dozi ya nne ni wiki ijayo, Jumanne. Tumekubaliana nitafunga duka asubuhi nimpeleke na pikipiki, maana akichelewa foleni inafika mpaka kwa geti na mtoto huyu hapendi kungoja.