Carrick, Irwin, Park: nani aliwanyima haki yao?

Mjadala wa kikosi bora cha Manchester United cha enzi zote una tabia moja. Majina ya mbele hujaa kabla hata kalamu haijapatikana: Best, Charlton, Law, Cantona, Ronaldo, Rooney, Giggs. Watu wanabishana, wanatoleana macho, mmoja anasusa kabisa. Ikifika zamu ya beki wa kushoto, sauti zinashuka. Mtu anasema "weka Irwin hapo," na mjadala unahamia kwa kipa. Hakuna aliyepinga, hakuna aliyeshangilia. Nimelishuhudia hilo mara nyingi mno, na kila mara nabaki nikijiuliza kama ukimya ule ni heshima ya juu kabisa au ni dharau.

Denis Irwin alinunuliwa mwaka 1990 kwa pauni 625,000 kutoka Oldham, klabu iliyomchukua baada ya Leeds kumwacha aondoke bure. Aliichezea United mechi 529, akafunga mabao 33 na kubeba ubingwa wa ligi mara 7. Mguu wake wa nguvu ulikuwa wa kulia, lakini sehemu kubwa ya miaka yake 12 pale alicheza kushoto, na mawinga waliojaribu kumtumia udhaifu huo hawakuupata. Alipiga frikiki na penalti. Mmoja wa mipira yake ya adhabu ulitinga wavuni Anfield Januari 1994, mechi iliyoisha 3-3. Usiku wa Camp Nou, fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Mei 1999, wakati kila mtu anawakumbuka wafungaji Sheringham na Solskjær, Irwin alikuwa uwanjani dakika zote kushoto mwa Johnsen na Stam. Sir Alex Ferguson, kocha wao, aliyefundisha mabeki wengi kuliko tunavyoweza kuwataja, amesema hadharani kwamba katika kikosi chake bora cha miaka yote Irwin ndiye angekuwa na uhakika wa namba. Kauli hiyo ikitoka kwa mtu mwingine ungedhani anatia chumvi. Kutoka kwa Ferguson, aliyemfundisha Ronaldo, ni ya kukaa nayo na kuitafakari.

Lakini anayenisumbua zaidi ni Michael Carrick, kwa sababu kesi yake haina jibu jepesi.

Roy Keane, kiungo na nahodha wa United, aliondoka Novemba 2005. Julai 2006 United ikawapa Tottenham pauni milioni 14, ambazo kwa nyongeza zingefika milioni 18.6, ikamleta kiungo mpole mzaliwa wa Wallsend na kumkabidhi jezi namba 16, ile ile ya Keane. Hapo ndipo alipoanza kuonewa. Shabiki aliyezoea kumwona nahodha akimkaripia mwamuzi na kuingia kwenye mpira kwa mguu mzima, sasa alimwona mtu asiyechafuka jezi. Carrick hakurukia mpira. Alikuwa amesimama pale mpira ulipokuwa unakwenda. Ukitazama televisheni, kamera inafuata mpira, kwa hiyo hatua tatu alizopiga kabla pasi ya adui haijatoka huzioni. Unachoona ni mpira umemfikia, kana kwamba amepewa zawadi.

Nakumbuka usiku wa Aprili 2007, United dhidi ya Roma, saa nne kasorobo usiku kwa saa zetu, banda la mpira limefurika hadi watu wanachungulia kwenye matundu ya mabati. United ilishinda 7-1. Mabao mawili yalikuwa ya Carrick, la kwanza dakika za mwanzo kabisa, mashuti ya mbali yenye akili. Tulipotoka, njia nzima wimbo ulikuwa Ronaldo, ambaye naye alifunga mawili. Hata usiku ambao Carrick alifunga kama mshambuliaji, hatukumpa wimbo. Mimi nikiwemo.

Sasa tazama jedwali la mabingwa. United ilikuwa imekaa misimu mitatu bila ubingwa, tangu 2003. Carrick akaja, na ubingwa ukarudi 2007, ukabaki 2008 na 2009, kisha 2011 na 2013. Wanaomtetea hutaja miaka hiyo na kunyamaza, wakiamini kesi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu hakuja peke yake. Van der Sar alitua 2005, Vidić na Evra wakafuata Januari 2006, na Ronaldo naye aliacha chenga za kufurahisha jukwaa akawa mfungaji wa kutisha. Msimu wa 2007/08 alifunga mabao 42 katika mashindano yote. Nyuma ya Carrick walisimama Ferdinand na Vidić, mabeki ambao wangemfanya kiungo yeyote aonekane mtulivu. Mtu akisema Carrick alikuwa sehemu ya mashine nzuri na si injini yake, hasemi upuuzi.

Tena kuna Roma ya pili, safari hii mji wenyewe, ile inayouma. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mei 2009, Barcelona 2, United 0. Xavi na Iniesta walizungushiana mpira kana kwamba United haipo, na katikati ya uwanja alikuwepo Carrick. Miaka miwili baadaye, Wembley, Barcelona ile ile ikashinda 3-1, na kwa mara nyingine kiungo wetu alikuwa anakimbilia vivuli. Anayetaka kumpunguzia sifa ana silaha hapo, na ni silaha halali: mchezaji mkubwa hupimwa kwenye usiku mkubwa. Keane, nusu fainali ya Turin 1999, tayari ana kadi ya njano iliyomnyima fainali, aliibeba timu mabegani dhidi ya Juventus. Carrick hana usiku wa namna hiyo. Nimemtafutia, kwa mapenzi yote niliyo nayo kwake, sijaupata. Kilicho karibu ni fainali ya Moscow 2008, alipopiga tuta la pili dhidi ya Chelsea na kulifunga, na hata hilo limefunikwa na kuteleza kwa Terry, nahodha wa Chelsea, akikosa tuta lake.

Carrick mwenyewe hakuichukulia Roma kirahisi. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2018 alieleza kuwa fainali ile ilimtia sonona kwa muda wa kama miaka miwili. Tuliokuwa tukimwita baridi, asiye na damu ya klabu, tulikuwa tunamsema mtu aliyekuwa anaugua kwa sababu ya mechi ambayo wengi wetu tuliisahau ligi ilipoanza tena. Sisemi hilo linafuta kiwango chake cha usiku ule. Nasema tulikosea kuhusu nini kilikuwa kinaendelea ndani yake.

Wapo wanaokataa hata neno "kusahaulika" kwa watu hawa. Hoja yao ina uzito kuliko inavyopewa. Carrick alicheza mechi 464 na alifanyiwa mechi ya heshima Old Trafford mwaka 2017. Msimu wa 2012/13, ambao magazeti yaliuandika kwa jina la Robin van Persie na mabao yake 26 ya ligi, wachezaji wa United walipopiga kura ya mchezaji wao bora walimchagua Carrick. Kocha Pep Guardiola alimweka daraja moja na viungo Xabi Alonso na Busquets. Kocha alimpanga, wenzake walimchagua, wapinzani walimsifu. Nani basi aliyemnyima haki? Wanaohoji hivyo wanaongeza kwamba kumwita mchezaji "asiyethaminiwa" kumegeuka sifa ya bei rahisi: kila shabiki anataka kuonekana ameona ambacho wengine hawakuona, na kila kiungo wa kawaida siku hizi ana watu wa kumtetea.

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Wenye kazi walijua. Lakini klabu haikai kwenye chumba cha kubadilishia nguo peke yake. Inakaa kwa watu, kwenye nyimbo, kwenye jezi zinazouzwa Kariakoo, kwenye hadithi anazopewa mtoto na baba yake. Huko ndiko Carrick alikopunjwa kwa miaka mingi, na timu ya taifa ya England ilimpunja zaidi: mechi 34 tu kati ya 2001 na 2015, na katika Kombe la Dunia mechi moja peke yake, dhidi ya Ecuador mwaka 2006. Nchi ilihangaika miaka yote hiyo kuwabana Gerrard na Lampard wacheze pamoja, huku mtu wa kuwatuliza amekaa benchi au nyumbani.

Halafu mtazame John O'Shea, beki wa United. Sidhani kama kuna mtu atasema O'Shea alikuwa mchezaji mkubwa kuliko Carrick. Mwenyewe simpi nafasi katika kikosi chochote cha enzi zote. Hata hivyo mtaje popote na nyuso zinachangamka: alimpitisha Figo wa Real Madrid mpira katikati ya miguu mwaka 2003, akaingia golini pale Tottenham Februari 2007 van der Sar alipoumia pua na kumzuia Robbie Keane asifunge, na mwezi uliofuata akafunga Anfield dakika za majeruhi. O'Shea ana matukio. Kichwa cha shabiki kinahifadhi matukio, na kazi ya Carrick, kama ile ya Irwin, ilikuwa kuhakikisha tukio halitokei. Shambulizi lililokufa kabla halijaanza halirudiwi kwenye televisheni. Ndiyo maana siamini kwamba tatizo ni chuki au ujinga wa mashabiki. Tulimpima kwa kipimo cha kazi ya mtu mwingine.

Park Ji-sung ni habari tofauti, na hapa lawama ina mwenyewe. Alikuja kutoka PSV mwaka 2005, akacheza mechi 205, na Februari na Machi 2010 alimkaba Andrea Pirlo, kiungo wa AC Milan, mechi mbili hadi Pirlo mwenyewe akaja kuandika juu ya adha ile. Mashabiki walimpenda Park, walimtungia wimbo. Aliyemnyima ni kocha. Mwaka 2008 alicheza nusu fainali zote mbili dhidi ya Barcelona mwanzo hadi mwisho, United ikapita kwa bao moja la Scholes. Fainali ya Moscow akawekwa jukwaani na suti, hata benchi hakupata. Ferguson baadaye alijutia. Tena amesema kuwa Wembley 2011 alipaswa kumkabidhi Park kazi ya kumkaba Messi. Uamuzi wa Moscow unaweza kutetewa, maana kombe lilikuja na Hargreaves aliyepewa nafasi alifunga tuta lake. Mimi siutetei. Mtu aliyekimbia dakika 180 kuifikisha timu fainali anastahili walau kuvaa jezi.

Kwa hiyo nikiulizwa ni yupi kati yao deni lake ni kubwa zaidi, ningesema Irwin, kwa sababu upande wa pili wa mizani yake sioni cha kuweka. Park alilipwa kwa wimbo. Carrick anadaiwa na anadai: anadai miaka ya mwanzo tulipomzomea kwa kutokuwa Keane, na anadaiwa zile fainali mbili. Wanaomwinua sasa hadi kumweka juu ya Keane wanamkosea kwa namna nyingine, maana wanamvika ukubwa ambao hakuuhitaji.

Mechi yake ya mwisho ilikuwa Old Trafford, Mei 13, 2018, dhidi ya Watford, akiwa nahodha. United ilishinda 1-0. Carrick aliinua kichwa, akapitisha mpira mrefu juu ya mabeki wote ukamwangukia Juan Mata, Mata akampa Marcus Rashford, Rashford akasukuma wavuni. Takwimu za mechi ile zinasema mfungaji Rashford, pasi ya bao Mata.