Walionituliza Moyo
Karatasi ya maagizo niliyopewa inasema kwamba kwa saa 24 kabla ya kupimwa moyo juu ya mashine ya kukimbilia, nisiguse kahawa, chai wala soda ya kola. Aliyeiandika karatasi hiyo hajapata kukaa barazani Lamu baada ya Alasiri, mahali ambapo mtu akikataa kahawa hudhaniwa amekosana na ukoo mzima.

Muuza kahawa alipofika akigonganisha vikombe vyake, nilimwambia kwa heshima zote kwamba leo sinywi. Akaliweka dele, birika lake la kahawa, chini. Akaniuliza nimesikia nini kuhusu kahawa yake, na ni nani aliyenena. Nikamjibu kwamba nimekatazwa na hospitali ya Mombasa, kwa kuwa kesho nitapimwa moyo. "Ah, Mombasa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumjua mwizi. Kisha akanimiminia nusu kikombe, akidai kwamba nusu haihesabiwi.

Hapo ndipo ami yangu, mvuvi mstaafu, alipoamua kunituliza. Alitaka aelezwe kipimo chenyewe. Nikamweleza kwamba huchukuliwa 220 ukatoa umri, na mimi nina miaka 58, kwa hiyo inabaki 162, ndiyo mapigo ya juu kabisa yanayokadiriwa kwa umri wangu. Nao wa hospitali hutaka mapigo ya moyo yafike asilimia 85 ya hapo, yaani kama 138 kwa dakika. Kila baada ya dakika 3 mashine huongezwa mwendo na kuinuliwa mbele, mtu akawa anapanda mlima ilhali hatoki chumbani.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," akasema ami. "Ni kwamba tu yule kijana wa Langoni alipandishwa kwenye mashine hiyo hiyo, na hakurudi."

Baraza zima likasema *inna lillahi*. Muuza kahawa akavua kofia. Mimi nikashika kifua, nikihesabu, na naapa kwamba 138 niliifikia pale pale nikiwa nimekaa. Ilinibidi nimhoji ami kama hakimu, swali baada ya swali, mpaka ikabainika kwamba marehemu yu hai, kipimo alifaulu, na hakurudi kwa sababu ameoa Likoni, huko huko Mombasa.

Shangazi ameniletea kombe la zafarani, yaani maji ya kunywa yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani, na huyo peke yake ndiye aliyetuliza bila kusema neno. Jirani ameniarifu kwamba nitanyolewa kifua ili vile vibandiko vya waya vishike. Shemeji anataka kitambaa cha mapazia, maadamu nakwenda.

Wala si kwamba sijui la kufanya. Muuguzi alinieleza kwa upole kwamba daktari atakuwepo, shinikizo la damu litapimwa wakati wote, na nikihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kuniishia, niseme mara moja na mashine itasimamishwa. Kabla ya hapo nikae kimya, nivute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Nikae kimya wapi, jamani? Nikifumba macho nipumue, mtu hunitikisa bega kuuliza kama bado nipo! Mashine ile ina kitufe cha kuizima. Watu hawa wana kitufe gani?

Na bado sijazungumzia viatu. Nimeambiwa nivae raba, mimi ambaye tangu utotoni miguu yangu inajua makubadhi na mchanga. Mwanangu ameniazima zake, za kijani kibichi, nazo zinabana. Muuza kahawa, ambaye sasa amenisamehe, ameshauri nizilainishe usiku huu kwa kukimbia hadi Shela, na ami amejitolea kunifuata kwa punda akinihesabia mapigo. Nimewaambia kwamba mwenye kuhesabu ni daktari. Hawakunisikia, kwa kuwa walikwisha kuanza kubishana ni punda wa nani anayeweza kwenda sambamba na mtu wa 138.