Pepo Aitwaye Maksuudi

Kwa kuwa shoga yangu, ambaye jina lake nalihifadhi kwa heshima asiyostahili, ameshatangaza Ngamiani nzima kwamba juzi Jumapili nilipandwa na pepo, na kwa kuwa tangu asubuhi nimepokea simu nne za watu wanaotaka kujua kama pepo mwenyewe ni wa bara au wa baharini, sina budi kuusema ukweli, ingawa hautanisitiri sana kuliko uzushi wake.

Nakiri kwamba nilidanganya. Kikao chetu cha kikoba huwa Jumapili saa kumi, nami niliandika kwenye kundi kwamba sijisikii vizuri, ilhali nilikuwa buheri wa afya na nilichokitaka ni alasiri moja ya peke yangu, nikiwa na riwaya mkononi na liwa usoni. Wapo ambao raha yao ni harusi za watu. Yangu mimi ni hiyo, na sipendi kuilipua. Liwa nilikuwa nimeisaga mwenyewe kwenye jiwe, kwa marashi, nikaipaka nene na kuiacha ikauke. Kisha nikakaa kwenye kigoda, chetezo cha udi kikifuka chini yangu, nimejigubika kanga mbili kuanzia utosini ili moshi usipotee bure, na mbele nimeacha upenyo mdogo wa kuingizia mwanga wa kusomea. (Mnaotaka kuniambia kwamba ninaharibu macho, mama yangu amewatangulia kwa miaka ishirini.) Mlango niliurudishia tu bila kutia komeo.

Riwaya ilikuwa *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, ambayo nilikuwa naisoma kwa mara ya tatu na ambayo kila mara hunikuta sijajiandaa. Nilikuwa nimefika pale Bwana Maksuudi, mheshimiwa wa watu huko nje, anapompiga mkewe na kumtaliki. Nililia kwa kwikwi mpaka machozi yakachimba mifereji katika liwa, na hasira ziliponizidi nikamfokea yule bwana kwa sauti ambayo, kwa jinsi mashavu yalivyokuwa yamekakamaa, ilitoka nzito kama ya mwanamume: "Toka! Shetani mkubwa wewe!"

Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba hilo ndilo lililokuwa jibu la hodi ya tatu.

Mlango ulifunguka taratibu. Kupitia upenyo wa kanga niliona kwanza ndala, jozi sita, zimesimama kimya. Juu ya ndala niliona mfuko wa machungwa, chupa ya uji, na kisanduku chetu cha fedha chenye kufuli tatu, ambacho mweka hazina alikuwa amekikumbatia kama mtoto mchanga. Wanakikoba walikuwa wamekuja kumtazama mgonjwa wao.

Hakuna aliyesema neno. Mwenyekiti, ambaye marehemu bibi yake alikuwa fundi wa kupunga pepo, alivua ndala, akapiga magoti mbele ya chetezo, na kwa adabu ambayo hajawahi kunionyesha hata nilipomaliza mkopo kabla ya wakati, akauliza: "Ni nani?"

Hapo ndipo ningejifunua, yakaisha. Lakini liwa ikishakauka hutakiwi kucheza na uso, la sivyo inapasuka na kumomonyoka, nami, niwaambieni ukweli, bado nilikuwa naihurumia liwa yangu. Isitoshe, nilidhani ananiuliza ni nani aliyeniliza. Nikabana midomo, nikagusa ukurasa kwa kidole, nikanguruma: "Maksuudi."

Ndala zote zikarudi nyuma hatua moja.

"Karibu, Bwana Maksuudi," alisema mwenyekiti, sauti ikimtetemeka. "Kiti chako, huyu uliyempanda, tunakihitaji, kina hisa zake kwetu. Sema unachotaka tukupe."

Nilitaka kusoma, basi. Na hivyo ndivyo nilivyosema, kusoma, ila kwa midomo iliyobanwa neno lilitoka limekunjamana, na shoga yangu akalidaka kutoka mlangoni: "Kisomo! Anataka asomewe kisomo!"

Nilizitupa kanga. Sikujua, jamani, kwamba moshi wa nusu saa ungetoka wote kwa mkupuo mmoja, na katikati ya moshi ule ukatokeza uso mweupe wenye mifereji miwili, umeshika kitabu. Mweka hazina alikimbia na kisanduku. Ndala moja tuliikuta ndani ya chetezo.

Yaliyofuata hayana uzito. Nilinawa, nikaomba radhi, nikatozwa faini ya kutohudhuria na nyingine ya uwongo, jumla shilingi 10,000, na uji tukaunywa pamoja na wanne waliobaki. Shoga yangu alikuwa ameshafika barabara kuu, ndiyo maana mwisho wa kisa anachokieneza haujui.

Mwenyekiti alikiazima kitabu, akamwone huyo Maksuudi mwenyewe. Jioni hii tulikuwa na kikao kifupi cha kupanga mikopo, naye ameandika kwenye kundi kwamba hajisikii vizuri.