Kilo 18 Zimeondoka na Shikamoo Zangu

Jamani, nisaidieni. Mtu akipungua kilo 18 kwa jasho lake mwenyewe, anastahili kuambiwa nini? Hongera, eti? Basi mimi tangu nipungue nimekula pole tu. Pole ya sokoni, pole ya kinyozi, pole ya msibani tena kutoka kwa wafiwa. Konda mmoja wa daladala za Igoma alinitazama, akanirudishia chenji yote kabla sijaidai, akasema kwa upole, "Pole, kaka. Mungu yupo." Nikashuka miguu haina nguvu. Konda akishakurudishia chenji bila ugomvi, kaandike wosia.

Na sijaumwa. Naliweka wazi mapema kwa sababu najua mnavyowaza. Mimi nauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, mwaka wa 16 huu, na nilipungua kwa makusudi, nikiwa na akili zangu zote.

Ilianza na kichwa kugonga. Nikaenda zahanati, nesi akanifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasoma 160 kwa 100. Akakifungua, akahamia mkono wa pili, kama vile ule wa kwanza ni shahidi wa uongo. Majibu yale yale. Akanipandisha kwenye mizani: kilo 104. Akanipima urefu: sentimita 168. Akapiga hesabu kwenye karatasi, akavua miwani.

"Baba, kwa uzito huu ulitakiwa uwe na urefu wa mita 2 na kitu."

Nikamuuliza kama wana dawa ya kurefuka.

Hakucheka. Akauliza nakula nini. Nikampa jibu la wanene wote: "Mimi wala sili sana." Na ni kweli, sili sana. Nakunywa. Chai vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vinne vya sukari, maana mama yangu alitulea kwa chai ya kunatisha midomo. Nesi akasema kijiko kimoja cha chai kinabeba sukari gramu 4. Hapo alinishika penyewe, kwa sababu mimi ni mtu wa mizani. Nikapiga hesabu kichwani: gramu 48 kwa siku, karibu kilo moja na nusu kwa mwezi, kilo 17 na nusu kwa mwaka. Zaidi ya theluthi ya mfuko wa kilo 50 namimina kooni peke yangu, halafu nikikuta kopo la sukari tupu nawagombeza watoto.

Akaendelea: gramu ya wanga kalori 4, gramu ya mafuta kalori 9. Nikamwambia, mama, sisi Mwaloni tunapima kwa kilo, hizo gramu tumewaachia wauza dhahabu wa Geita.

Mtaniuliza, wewe si unakaa Bugarika? Ndiyo, juu kabisa, kule bodaboda inafika mahali inakushusha na mawe yanapokea. Sasa mtu anayepanda mlima kila siku ananenepaje? Ananenepa kwa vituo. Kituo changu cha kwanza cha kupumzika kilikuwa kwa mama wa vitumbua. Huwezi kukaa kwenye benchi la mtu bure, kwa hiyo vitumbua vitatu. Cha pili, dukani, soda baridi ya kurudisha pumzi. Cha tatu, kijiwe cha kahawa, na kahawa bila kashata ni ushamba. Nikifika nyumbani Mama Kulwa ananikuta nahema, anasema maskini baba watu kachoka, anaongeza tonge. Miaka yote hiyo mimi nikidhani naupanda mlima, kumbe mlima ndio unanipanda mimi.

Dawa yake ikawa kubadilisha njia. Sasa nazunguka upande wa pili, ambako hakuna anayeuza kitu na kuna mbwa. Mbwa yule amenisaidia kuliko nesi.

Nilijaribu na kukimbia. Alfajiri moja nikavaa raba za Kulwa, nikashuka mjini, nikashika barabara ya Capripoint. Sijafika hata usawa wa Jiwe la Bismarck, bodaboda akapunguza mwendo pembeni yangu. "Mzee, kivuko cha Kamanga bado kipo, tembea tu." Nikamwambia siwahi kivuko. Akaangalia nyuma yangu kuona kinachonifukuza. Hakuona kitu, naye akaondoka kwa kasi, labda kwa tahadhari. Sikurudi tena. Hapa kwetu mtu wa kilo 104 hakimbii bila sababu, na akikimbia, watu wenye busara wanakimbia naye.

Majani ya kupunguza tumbo nayo niliuziwa, na dada mmoja mwenye tumbo kubwa kuliko langu. Yanafanya kazi, msiseme sikuwaambia. Siku mbili choo kilikuwa ofisi yangu. Siku ya tatu nikapanda kwenye mizani ya magunia, kilo mbili hazipo! Nikatembea kifua mbele. Baada ya maji na uji zikarudi zote mbili. Na mimi nilivyo mjinga, jambo hili nalijua toka ujana: dagaa wabichi ukiwaanika, kinachokimbia kwanza ni maji. Manyunyu kidogo yakiwapata, uzito unarudi na hasara inabaki kwako. Nimekataa mara ngapi kununua dagaa wenye unyevu, halafu mwenyewe nikanunua tumbo lenye unyevu.

Mizani hiyo ya magunia ndiyo niliyoitumia mpaka mwisho, kila Jumatatu, mbele ya makuli wote. Kuna faragha gani Mwaloni? Wiki ya kwanza walinisomea kwa sauti kama matokeo ya mtihani. Mmoja akapiga kelele, "Bosi, gunia hili bado bichi, lirudishwe juani!" Basi jina likakaa. Gunia Bichi. Mpaka wanunuzi wa Kongo wakawa wananiulizia kwa jina hilo, wakidhani ndilo la ubatizo.

Kitu kilichonipunguza hasa, nawaambieni, ni mwezi. Mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikipamba, taa haziwavuti tena, na wavuvi wanapumzika. Na sisi wa sokoni tunafanya nini? Tunakaa. Tunakaa kwenye magunia matupu kuanzia asubuhi, tunakula. Hindi la kuchoma linapita, unaita. Chipsi mayai, unaita. Mtu anaagiza sato wa kukaanga, unasema niwekee na mimi mkia, na ule mkia unakuja na samaki wake. Niliandika kwenye daftari la madeni kila nilichokula kwa miezi miwili, nikakuta siku za giza, siku za kazi, nakula kama binadamu. Siku za mbalamwezi nakula kama harusi. Si njaa ile. Ni mikono tu haina kazi. Siku hizi mbalamwezi ikifika nashona magunia yaliyotoboka. Nashona vibaya, lakini mtu mwenye sindano mkononi hashiki chipsi.

Zikashuka taratibu. Kilo 104, 98, 95. Kwenye 91 zikagoma, miezi mitatu hazitikisiki. Chakula ni kile kile kidogo, mlima ule ule, mbwa yule yule. Nikarudi kwa nesi kulalamika. Akasema mwili ukiwa mwepesi unatumia nguvu kidogo kuliko zamani, kwa hiyo mlo uliokupunguza ukiwa mzito unakuja kukutosha tu. Nikaelewa: Fuso limegeuka kirikuu, na kirikuu halinywi dizeli ya Fuso. Yaani nimejinyima, na zawadi ya kujinyima ni kujinyima zaidi. Huu ni mkataba gani? Nani alisaini?

Nikamuuliza na lingine lililonisumbua: haya mafuta yakitoka yanakwenda wapi? Nilidhani chooni, au jasho. Akasema sehemu kubwa inatoka kwa pumzi. Katika kilo 10 za mafuta yaliyochomwa, kama 8 na ushee unazitoa puani kama hewa ya kaboni, zilizobaki ni maji. Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Kumbe kitambi changu nimekiachia kidogo kidogo kwenye daladala, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Kuna abiria wa Buhongwa wamenivuta kilo nzima bila kujua, na nauli nililipa mimi.

Sasa kilo 86. Presha 128 kwa 82. Nesi, mtu pekee niliyemtegemea, akasema, "Hongera sana, baba." Nikatabasamu. Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti. "Lakini nyumbani kwema?"

Nyumbani! Tuseme basi ya nyumbani. Mama mkwe wangu anatoka Sengerema. Zamani, kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, ugeni wake ulikuwa na taarifa. Foleni ya kivuko ilikuwa inatupa nafasi ya kufagia, kununua mchele na kupatana. Siku hizi anavuka kilomita 3 kwenye gari kama anavuka ukumbi, unashtukia yuko mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakusema marahaba. Alisema, "Mayo we!" akakaa chini kwenye jiwe, jogoo mkononi.

Halafu akamgeukia binti yake. "Mume wa watu unampa nini humu ndani?"

Mama Kulwa akaapa kwamba ananipa, ila sili. Ndiyo ikawa mbaya zaidi, maana mwanamume asiyekula kwake anakula kwingine. Nikajitetea kwamba sili popote. Basi huyo karogwa. Kila jibu lilikuwa na mlango wa kutokea isipokuwa lile la ukweli.

Alikaa siku tisa. Matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, ndoo nzima, karanga, yule jogoo, na ugali wa muhogo wa kujengea nyumba. Kwa heshima ya ukwe haingii ninapokula, lakini alikuwa anakaa nje ya mlango, anasikiliza. Nikitulia kidogo tu, anakohoa. Nikajifunza kutafuna kwa sauti kinywani hamna kitu. Hata hivyo alipoondoka, mizani ilisoma 88 na nusu, na makuli wakafurahi kwamba gunia limenyeshewa.

Na heshima, jamani. Nilipokuwa na kitambi, vijana wa Mwaloni walikuwa wananiamkia kwa zamu: shikamoo bosi, shikamoo mzee. Nilikuwa naitikia marahaba mpaka koo linakauka. Umri wangu haujapungua hata siku moja, lakini sasa naambiwa "mambo vipi, braza?" Kumbe ile shikamoo yote walikuwa wanaliamkia tumbo, mimi nilikuwa msemaji wake tu. Kwenye daladala nilikuwa nakaa mbele na dereva. Sasa konda ananiona, anasema huyu mwembamba aingie, ananisokomeza wa nne kwenye kiti cha watatu.

Biashara ndiyo usiseme. Tajiri aliyekuwa ananipa mali kauli miaka yote, safari hii akasema anaomba keshi. Hakusema kwa nini. Aliuliza tu wanangu wa kwanza wana umri gani, na kama wanaijua biashara.

Lakini hapo hapo likatokea la kutokea. Kuna mteja wa Nyakato nilikuwa namdai shilingi 340,000. Deni lile lilikuwa na umri wa kwenda chekechea. Simu hapokei, akiniona anavuka barabara. Wiki hiyo nilikuwa nimevaa shati langu la zamani, lile la kilo 104, limeniangukia mabegani kama pazia la kuazima. Tukakutana uso kwa uso pale Buzuruga. Akanitazama kuanzia kola mpaka mkanda. Macho yakamlenga machozi. Akaingiza mkono mfukoni, akahesabu 200,000, zilizobaki akazituma kwenye simu tukiwa tumesimama, pamoja na za kutolea.

"Chukua, kaka," akasema. "Usije ukaondoka na kinyongo na mimi."

Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu chai, na mlima, na mbalamwezi. Kikohozi kikanibana. Cha kweli kabisa, vumbi la stendi. Akanishika mkono mpaka nikapanda gari.

Nyumbani nikamkuta Mama Kulwa amekusanya nguo zangu zote za zamani kupeleka kwa fundi. Suruali fundi alishazikataa, alisema akizibana mifuko miwili ya nyuma itakutana iwe mmoja. Mashati alikubali. Nikamwambia peleka yote ila lile la mistari, hilo lisiguswe hata kifungo.

Kesho naenda Igoma. Kuna mtu ananikwepa na laki sita zangu toka mwaka juzi. Nimepanga kwenda kwa miguu kuanzia barabarani, taratibu, nikiegemea egemea kuta.