Popo wa kitabuni na popo wa Kidike

Mtoto wa kaka yangu, wa darasa la tano, alinijia jioni moja na kitabu kikubwa cha Kiingereza alichoazimwa na mwalimu wake, cha jalada gumu na kurasa za kung'aa. Kidole kilikuwa kwenye ukurasa wa popo. "Ami, hapa wanasema popo huenda kwa sauti. Hupiga kelele kisha husikiliza mwangwi. Sasa wale wa Kidike macho yale makubwa ya nini?"

Kidike haiko mbali na Chake Chake, kisiwani Pemba, na nimekwenda huko si mara moja. Nimewaona wakining'inia juu mitini mchana kutwa, wakizozana na kujipepea kwa mabawa ambayo yakikunjuliwa hupita mita 1.5. Macho yao nimeyaona. Swali hilo halijapata kunijia.

Jibu nililipata baadaye. Popo wa Pemba ni mla matunda, wa jamii ambayo wataalamu huiita Pteropus, na popo wa jamii hiyo hawatumii mwangwi. Huona, na hunusa. Kitabu hakikusema uongo, kwani popo wadogo wanaokula wadudu ndivyo wanavyokwenda, na hao ndio wengi duniani. Tatizo ni kwamba waandishi wake walikuwa na popo wao akilini, wakaandika "popo" wakadhani wamemaliza.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kila Januari, skuli zikifunguliwa, naulizwa lile lile barzani na kwenye simu: mtoto nimnunulie kitabu gani, kisiwe cha hadithi, kiwe cha maarifa? Na anayeuliza huwa ameshaamua nusu. Mmoja anataka cha Kiingereza, kinene, chenye sayari, mifupa na volkano. Mwengine anataka cha Kiswahili, cha mambo ya kwetu. Nimewasikiliza wote, na kila upande una hoja ambayo upande wa pili hujitia kutoisikia.

Tuwape kwanza haki yao watu wa Kiingereza, maana ni rahisi kuwaita watumwa wa mawazo na kuishia hapo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mzazi hakuitunga sera hiyo. Anachokiona yeye ni mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka minne, halafu siku moja mmea, mfupa na pembetatu vimebadilishwa majina yote. Nyumba yenye kitabu cha Kiingereza cha picha humpa mtoto huyo nafasi ya kukutana na maneno hayo akiwa amejilaza mkekani, bila fimbo wala mtihani. Hilo si jambo dogo.

Hoja yao ya pili inauma zaidi. Ukiingia duka la vitabu ukaomba kitabu cha maarifa cha Kiswahili kwa mtoto wa miaka kumi, mara nyingi utapewa kitabu cha kiada kilichovaa nguo ya sikukuu. Kurasa mbili za maelezo, picha moja ya rangi iliyofifia, kisha "Zoezi la kwanza: jibu maswali yafuatayo". Mtoto hajamaliza kushangaa ameshaanza kuulizwa. Na visivyo na mazoezi vina mahubiri: kitabu cha kasa ambacho kufika ukurasa wa nne kimeshaacha kasa kinatuhimiza tutunze mazingira. Kasa anatagaje, kwa nini hurudi kutaga pwani ile ile aliyozaliwa, jinsi joto la mchanga linavyoamua mayai yatoe dume au jike, hayo yaliyomfanya mtoto akifungue kitabu hayamo. Mtoto anajua anapohubiriwa. Chuoni, anakosomeshwa Kurani, anahubiriwa vizuri zaidi, tena na mtu anayemjua.

(Kwa kuwa nimekitaja chuo: wanaosema watoto wetu hawana mazoea ya kusoma kisichokuwa hadithi wamesahau kwamba mtoto wa hapa, kabla hajajua kuandika jina lake, ameshashika juzuu, na baada ya juzuu anasomeshwa nguzo za udhu na za sala moja baada ya moja. Kusoma ili ajue jambo linavyofanywa ameanza zamani.)

Sasa upande wa pili. Watetezi wa Kiswahili mara nyingi husema "lugha yetu, utamaduni wetu", na hapo ndipo wanapojidhoofisha, kwa sababu mzazi anayewaza matokeo ya mtihani hanunui utamaduni. Hoja yao yenye nguvu iko pwani. Chukua bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa karibu katika mstari mmoja, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, na maji yetu hujaa na kupwa kwa tofauti inayokaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hukingamana, tukapata maji mafu. Mtoto wa Micheweni ambaye mama yake analima mwani hahitaji kuelezwa kwamba bamvua ipo. Anajua ni siku zipi mama atashuka na siku zipi atabaki nyumbani, kwa sababu bamvua ndiyo inayoyapeleka maji mbali hata vijiti na kamba za mwani vikafikiwa kwa miguu. Nusu ya somo anayo. Alichokosa ni ile nusu ya jua na mwezi, ambayo ingemchukua dakika kumi kuielewa.

Akifika darasani anakutana na "spring tide". Akifungua kamusi ataambiwa spring ni majira ya kuchipua, na majira hayo Pemba hayapo. Tuna masika na vuli, kusi na kaskazi. Atakariri, atafaulu swali, na hatojua kwamba alichokikariri ndicho kile kinachomtoa mama yake nyumbani kabla ya jua kupanda. Kwangu mimi hasara kubwa iko hapo, kuliko katika alama alizozikosa.

Na ni hivyo hivyo juu mbinguni. Ensaiklopedia itamwonesha kundi la nyota la Pleiades kwa picha ambayo sisi hatuna uwezo wa kuipiga. Bibi yake anazijua nyota hizo kwa jina la kilimia, na ana msemo wake: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kanuni hiyo mtoto anaweza kukaa na kuipima mwenyewe, mwaka hadi mwaka, kwa daftari na penseli, aone inashika au haishiki. Kitabu kingeziweka picha na kanuni hiyo ukurasa mmoja tungekuwa na jambo.

Lakini hapa hapa ndipo ninapoachana na ndugu zangu wa Kiswahili. Wako wanaotaka mtoto wa Pemba asome karafuu, mwani na popo, basi. Mtoto wa Pemba ana haki na volkano na madainosaria kama mtoto mwengine yeyote. Karafuu anaijua kuliko mwandishi. Ameshaanikishwa na ameshachambua makonyo mpaka vidole vikanuka. Ukimletea kitabu cha karafuu, kimwambie asilolijua: kwamba kile anachokichuma ni ua ambalo halijafunuka, na kwamba mti wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, ukapandwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Kama hakina hilo, ni heri umnunulie cha volkano.

Vitabu vya msaada, vinavyokuja kwa makontena, nitavipitia haraka. Kabla ya kukisifu kimoja, fungua ukurasa wa mwaka wa kuchapwa. Kikisema sayari ni tisa kimeandikwa kabla ya 2006, mwaka ambao wataalamu wa falaki waliitoa Pluto katika hesabu. Hakifai kutupwa kwa hilo tu, lakini mtoto aambiwe. Vya bure vya kwenye simu, kama vya StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza 2015, vina wanyama, mwili na hisabati kwa lugha nyingi, Kiswahili kimo. Ubora wa tafsiri hupanda na kushuka, kwa hivyo kisome wewe kwanza. Na simu ya nyumba ni moja, ina kazi zake.

Nikibanwa niseme nimnunulie nini, jibu langu halikati katikati. Mpaka darasa la nne, Kiswahili, na kiwe kitabu cha kitu anachoweza kutoka nje akakitazama, hata kama karatasi yake ni duni na picha ni za wino mweusi. Kuanzia la tano, cha Kiingereza kinunuliwe, lakini cha jambo ambalo ameshalisoma au kulizungumza kwa Kiswahili. Kinapotangulia kile kikubwa cha Kiingereza, ambacho bei yake inakaribia nusu polo la mchele, nimeona kinavyoishia: juu ya kabati, ndani ya nailoni, kisichafuke. Nyumba yenye watoto wawili au watatu inunue atlasi na Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Havichakai upesi na hupokezana. Kwa wa sekondari anayependa maisha ya watu, uko Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert, juu ya mwimbaji huyo aliyezaliwa Fumba. Kiswahili chake kitamtoa jasho, asome na mtu mzima.

Na bado kuna vitabu ambavyo ningependa kuvipendekeza ila sijavikuta dukani. Cha popo, kwa mfano. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba walikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wanavijiji wakaunda vilabu vya kuwalinda, na katika miaka isiyotimia ishirini popo hao wakapindukia 20,000. Hawapatikani kwengine duniani. Kisa kina hatari, kina hesabu, kina watu wa kijijini waliobadili mwenendo wao, na kina mnyama mwenye uso kama wa mbwa mdogo. Anayeweza kukiandika bila zoezi na bila mahubiri yuko hapa hapa Pemba, pengine anasahihisha madaftari.

Kile kitabu cha kuazima kilirudishwa baada ya wiki mbili. Nilikikagua kwanza, nikakuta chini ya ukurasa wa popo mtoto wa kaka yangu ameandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo: "isipokuwa wa Pemba". Nilikaa na ufutio mkononi. Kitabu si chetu, na isitoshe si wa Pemba peke yao, jamaa zao wa Komoro na Madagaska nao huona kwa macho. Nikaurudisha ufutio mkobani mwake.