Poland na dola bilioni moja zisizoguswa

Tangu Marekani ilipolifunga rasmi shirika lake la misaada, USAID, Julai 2025, ubishi wa zamani umefufuka: misaada ya wafadhili imewahi kuibadilisha nchi hata moja? Wanaoitetea wana jibu lililo tayari mdomoni, Poland. Wanaoipinga nao wana lao, Urusi. Nchi zote mbili zilitoka kwenye ukomunisti kwa kupishana miaka michache tu, na zote zilishauriwa na mabingwa wa Magharibi, akiwemo mwanauchumi Jeffrey Sachs aliyefanya kazi kwa zote mbili. Kwa maoni yangu, pande hizi zinabishana bila kuuliza ni msaada gani hasa ulifika wapi.

Septemba 1989 Tadeusz Mazowiecki aliunda serikali ya Poland isiyoongozwa na wakomunisti. Alirithi deni la nje la zaidi ya dola bilioni 40, maduka matupu na bei zisizokamatika. Waziri wake wa fedha, Leszek Balcerowicz, akaamua kumaliza yote kwa mkupuo: kuanzia Januari 1, 1990 bei nyingi ziliachiwa huru, ruzuku zikakatwa, na thamani ya zloti, sarafu ya Poland, ikafungwa kwenye dola. Mwezi huo mmoja bei zilipanda kwa karibu asilimia 80.

Nani angeamini kwamba zloti itashika? Hapo ndipo msaada ulipofanya kazi yake nzuri kuliko zote. Nchi za Magharibi zilichanga mfuko wa dola bilioni 1, Marekani ikitoa milioni 200, kwa ajili ya kuilinda zloti watu wakianza kuikimbia. Hawakuikimbia, na mfuko haukuguswa. Ulikuwa kama mdhamini anayejulikana mtaa mzima kuwa ana uwezo: mwenye duka hukopesha bila hata kwenda kumgongea mlango. Mwaka uliofuata, 1991, nchi wadai za Klabu ya Paris, kundi la serikali zinazodai nchi nyingine, zilikubali kufuta nusu ya deni la Poland kwao, ambalo lilikuwa takriban dola bilioni 33. Kwa bajeti ya Warsaw, hilo lilikuwa na uzito kuliko semina zote za washauri zilizoandaliwa muongo ule.

Na semina zilikuwepo, tena tele. Washauri elekezi walimiminika Warsaw kwa ndege, wakapanga katika hoteli ya Marriott mkabala na stesheni kuu ya reli, wakaandika ripoti, wakaondoka. Wapoland waliwabandika jina la Brigedi ya Marriott. Malalamiko yao msomaji wa Dodoma au Nairobi hahitaji kuelezwa: fedha zinatangazwa kuwa za Poland, lakini sehemu kubwa inarudi ilikotoka kwa njia ya mishahara, tiketi na vyumba vya hoteli. Watetezi wa misaada hupita haraka sana hapa.

Ila si kila kilicholetwa kilikuwa maneno. Kwa sheria ya mwaka 1989, Bunge la Marekani lilianzisha mfuko wa kuwekeza katika biashara binafsi za Poland, ukapewa dola milioni 240. Haukugawa zawadi. Ulinunua hisa, ukakopesha wafanyabiashara wadogo kupitia mabenki ya ndani, na ukapata faida. Baadaye ulirudisha dola milioni 120 kwenye hazina ya Marekani, na fedha zilizobaki zikawa mtaji wa taasisi inayofadhili elimu na shughuli za kijamii nchini Poland hadi leo.

Wakosoaji wana hoja nzito kuliko hiyo ya hoteli. Mageuzi yale yaliumiza. Mwisho wa 1993 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 16, katika nchi ambayo miaka minne nyuma yake haikuwa na takwimu hiyo kabisa. Walioumia zaidi ni wafanyakazi wa mashamba ya serikali, hasa kaskazini na magharibi. Walikuwa wakiishi kwenye maghorofa yaliyojengwa katikati ya mashamba. Mashamba yalipofungwa, wakabaki na ghorofa, hakuna kazi, wala basi la kuwapeleka penye kazi. Hakuna mfadhili aliyekuwa na mpango wa maana juu yao. Mwaka 1993 wapiga kura wakawarudisha madarakani wakomunisti wa zamani.

Na hao waliporudi, hawakuubomoa mfumo mpya. Waliendelea nao, wakapunguza makali yake. Kwangu hili lina uzito kuliko takwimu yoyote, maana linaonyesha kwamba mageuzi yalikuwa na wenyewe. Serikali zilikuja na kuondoka kwa kura, mwelekeo ukabaki, na mwaka 2004 nchi ikaingia Umoja wa Ulaya.

Urusi ilipewa kinyume chake: ushauri mwingi, nafuu kidogo. Ilibebeshwa deni lote la Umoja wa Kisovieti, ambalo sehemu yake ya Klabu ya Paris ilimaliza kulipa mwaka 2006. Sachs mwenyewe amelalamika mara nyingi kwamba Magharibi iliinyima Moscow ilichoipa Warsaw. Wakati huohuo USAID ilikabidhi ushauri wa ubinafsishaji kwa taasisi ya Chuo Kikuu cha Harvard. Baadaye serikali ya Marekani iliwashtaki chuo hicho na wakuu wawili wa mradi, kwa madai ya kuwekeza fedha binafsi katika soko lilelile walilolipwa kulishauri. Mwaka 2005 Harvard ilikubali kulipa dola milioni 26.5 kumaliza kesi. Kwa hiyo anayeitumia Urusi kuthibitisha kwamba misaada haifai anathibitisha kitu kidogo zaidi: kwamba ushauri peke yake, ukiwa kwa watu wachache wasiowajibika kwa mpiga kura yeyote, unaweza kuharibu.

Poland yenyewe sasa ni mfadhili, na Tanzania ni mmoja wa wateja wake. Mwaka 2015 iliikopesha Tanzania dola milioni 110 kwa masharti nafuu: matrekta ya Ursus ya kuunganishwa Kibaha, na vihenge vya kuhifadhia nafaka vya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, vya kujengwa na kampuni za Poland. Fedha zikazunguka zikarudi nyumbani, kama zile za Marriott. Kampuni ya Ursus baadaye ilifilisika. Deni, kwa kuwa ni la serikali kwa serikali, halikufilisika nayo.