Udongo Haufundishwi Ukumbini

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye semina ya siku mbili ya afya ya udongo na malisho, na mpaka leo roho inaniuma, bora niandike.

Ilifanyika ukumbi wa hoteli, mjini Shinyanga. Projekta, slaidi karibu zote za Kiingereza, na wakulima na wafugaji kama thelathini wamekaa kimya wanaangalia ukuta. Siku ya pili mzee mmoja wa Kishapu mwenye ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue na kufunguliwa kiangazi, akanyoosha mkono: "Mwanangu, mwaka huu mvua zimekatika mapema na nyasi za kwenye ngitili yangu hazijakomaa. Nifungue mwezi wa saba kama siku zote, au nisubiri?" Mwezeshaji akamjibu kwa heshima kabisa, "Mzee wangu, hilo tutalirudia mwishoni." Mwisho ukafika, tukasaini posho, tukapiga picha ya pamoja, tukaondoka. Halikurudiwa.

Jamani, hilo ndilo lilikuwa swali la semina nzima! Ukifungua kabla nyasi haijadondosha mbegu, ng'ombe wanakula za mwaka huu na za mwakani kwa mkupuo mmoja, ardhi inabaki uchi, halafu mvua ya kwanza ya Novemba inakuja kuusomba udongo. Mzee aliuliza yote hayo kwa sentensi mbili.

Na hapa ni Shinyanga. Enzi za mkoloni vichaka vilifyekwa ili kumaliza mbung'o, pamba ikaja ikasukuma malisho pembeni, vikafuata vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 watu wakahama wakaziacha ngitili zao, mpaka tukaanza kuitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, unaanza 1986, ngitili zilizohesabika zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Mwanzoni HASHI wenyewe walihangaika na vitalu vya miche, baadaye ikaonekana kazi kubwa inafanywa na visiki na mizizi iliyokuwa bado hai chini, ukiilinda tu, yaani unafunga mvua zikianza, unafungua kiangazi kikikolea, na anayeingiza ng'ombe kwa wizi dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wanamalizana naye. Waliofanya hiyo kazi bado wapo. Baadhi walikuwa mle ukumbini, wamekalishwa kama wanafunzi wa darasa la kwanza.

Kwa nini wasiwe walimu? Msukuma anashuka kilima anakutajia udongo kwa majina, luseni ya kichanga kule juu, itogolo ngumu isiyopitisha maji, ibushi, mpaka mbuga nyeusi bondeni, na anakwambia kila mmoja unataka nini. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Tanga, katikati ya miaka ya 1930 aliupa huu mpangilio wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni jina la "katena", na hadi leo linafundishwa vyuoni dunia nzima. Lilitoka kwenye vilima vya Afrika Mashariki, hivi hivi tunavyovikanyaga, halafu sisi tunafundishiwa udongo ndani ya ukumbi, mapazia yamefungwa!

Sawa, nakubali, maabara ina kazi yake. Asidi na upungufu wa fosforasi huwezi kuona kwa macho, lazima upime, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano, Tanga, wapo kwa ajili hiyo. Na ngitili nazo zina doa lake, mwenye eneo kubwa anakodisha na asiye nalo anabaki kuomba.

Wanawake tulikuwa nao watatu tu, wakati kuni na maji wanahangaika nayo wao. Na afisa kilimo na afisa mifugo waje pamoja, ardhi ni hiyo hiyo moja.

Ninachotaka mimi ni shamba darasa la malisho, ngitili moja, watu wale wale, mara moja kwa mwezi kuanzia kufunga hadi kufungua, na ile hela ya ukumbi iwe mafuta ya gari la kuwapeleka wa kijiji hiki wakaone cha jirani. Wanafunzi wa LITA, vyuo vya mifugo, na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, nao waje, waandike wanachosikia.

Jumamosi nilimfuata yule mzee kwake. Nilibeba kopo la maziwa ya unga nililolikata chini na juu, tukalipigilia ardhini vidole vitatu ndani ya ngitili, nikamimina kikombe cha maji. Sijafika sitini kuhesabu, maji yamekwisha. Tukalihamishia nje, kwenye njia ya ng'ombe, kikombe kile kile. Tumekunywa chai mpaka imeisha, maji bado yametuama. Mjukuu wake wa darasa la sita akauliza, "Babu, sasa mvua ikinyesha hapa inaenda wapi?" Mzee hakujibu, akamwonyesha korongo kwa fimbo.

Tukarudi ndani ya ngitili. Mzee akachuma suke la nyasi, akabana punje kwa kucha, ikatoa maji meupe kama maziwa. "Bado," akasema. Tumekubaliana wiki ya tatu ya Juni turudi tubane tena, na safari hii anawaita na majirani zake wawili wanaochunga upande wa pili wa korongo.